Safari Isiyo na Bidhaa

Katika mji wetu wa Lubumbashi hakuna safari inayosadikiwa mpaka kitajwe kitu kitakachochukuliwa huko iendako. Mtu akisema kwamba kesho anaelekea Kasumbalesa kuvuka ng'ambo, Zambia, jirani zake humwuliza papo hapo atarudi na nini, kama ni unga wa mahindi, au vipuri vya gari, au vitambaa, au dawa za mgonjwa. Na akijibu kwamba haendi kuchukua cho chote, ila anakwenda na mkewe kutazama nchi za watu, basi huonekana ama anaficha jambo, ama ameshikwa na wazimu mdogo usiofikia kupelekwa hospitali. Ndiyo sababu mume na mke wa Kizungu, wanapoonekana kwa nadra wakishuka katika basi litokalo mpakani, shanta ndefu migongoni na viatu vimejaa vumbi la nchi tano, hutazamwa kwa kicheko kilichochanganyika na shaka, na wako wanaoapa kwamba ndani ya zile shanta, chini ya nguo zilizofuliwa mtoni, mmefichwa ramani ya madini.

Mimi naona kwamba safari ya wawili hao ni jambo la maana, na nathubutu kusema zaidi ya hayo, kwamba ni jambo letu sisi pia, tena la kale, lililotutoka mikononi kwa kuwa serikali zetu zimelifanya ghali na jamaa zetu wamelifanya aibu.

Na tuwatazame kwanza wasafiri wenyewe. Aghalabu huanzia Cape Town, wakapanda kaskazini kwa njia ya Namibia, wakilala hemani kandokando ya jangwa, kisha wakaingia Botswana hata Maun, ambako mto Okavango, usiojaliwa kuiona bahari, hujimwaga na kupotea mchangani. Halafu wakauvuka Zambezi pale Kazungula, mahali ambapo hadi mwaka 2021 watu na malori walikuwa wakingojea pantoni, na leo pana daraja la mita 923 lililopindwa kwa kusudi ili lisiikanyage ardhi ya Zimbabwe. Mwisho wakafika mji wa Livingstone wakalowa chapachapa kwa moshi wa maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Wakifika hapo huwa wamekwisha kukaa njiani miezi mingi, na fedha yao si nyingi kama tunavyodhani, kwa sababu wako waliouza gari ili waondoke, na wako waliojinyima miaka kadhaa wakiweka akiba. Hawana haraka, madhali haraka ndiyo iliyo ghali katika safari: yule aendaye polepole hupanda basi la wenyeji pahala pa ndege, hujipikia mwenyewe, hungoja siku ya soko, na akichoka hukaa mahali pamoja hata akajulikana kwa jina. Wahenga wetu walimpa mgeni siku mbili, na ya tatu wakamtaka ashike jembe. Na kwa hakika wengi wa wasafiri hawa hulishika, kwa maana hufanya kazi katika mashamba au katika nyumba za wageni, ujira wao ukiwa kitanda na sahani ya chakula.

Basi kutoka Livingstone huenda Lusaka, na Lusaka ndiko njia zinakogawanyika. Wengi hukata mashariki kwenda Chipata na ziwa la Malawi. Wengine hufika Kapiri Mposhi wakapanda gari moshi la TAZARA, reli ile ya kilomita 1,860 iliyojengwa kwa msaada wa Wachina baina ya 1970 na 1975, wakaenda kushukia Dar es Salaam. Huku kwetu hawaji ila kwa nadra, ilhali mtu aliyefika Kitwe yu karibu zaidi na Lubumbashi kuliko alivyo karibu na Lusaka alikotoka. Ukiwauliza sababu watakutajia vita, na ukiwaonyesha kwamba kutoka hapa hadi Goma kwenye vita hivyo ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa njia ya ndege, na kwamba Lusaka haifiki hata nusu ya masafa hayo, watatikisa vichwa kwa adabu na kuendelea na njia yao ya mashariki. Hata Wazambia wenyewe, walio jirani na ndugu zetu, na ambao wengi wao husema Kibemba kama watu wengi wa mji huu, hukata kila siku kipande cha nchi yetu baina ya Mokambo na Chembe, kilomita takriban 70, kwa kuwa mpaka walioafikiana Waingereza na Mfalme Leopold mwaka 1894 uliiingiza ardhi ya Kongo katikati ya majimbo yao. Wakapita madirisha yamefungwa, wakatokea upande wa pili wasiwe wameona kitu.

Lakini nisiwatupie wageni lawama yote. Mwenye shanta akifika mjini kwetu akainua kamera mbele ya nyumba ya posta, au mbele ya lile bomba refu la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines na kilima cheusi cha takataka za shaba, ambavyo ndivyo vitambulisho vya mji huu duniani, hakawii kuzungukwa na watu watatu wanaomdai kibali, na kila mmoja ana bei yake ya kibali hicho. Hadithi moja ya namna hii, ikisimuliwa usiku katika nyumba ya wageni ya Livingstone, hutupotezea wasafiri wa mwaka mzima, na wala hatupati kujua kwamba tumewapoteza.

Sasa nije kwa wale wasemao kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Mji wenyewe wa Lubumbashi ni mtoto wa njia ya kusini. Reli iliyoanzia Cape ilifika Broken Hill, ambayo leo ni Kabwe, mwaka 1906. Ikafika Sakania 1909. Na mwaka 1910 ikaingia katika mji uliokuwa bado vichaka na mahema, ukiitwa Élisabethville, hata watu wa kwanza wa mji huo walikuwa na mazoea zaidi ya Bulawayo na Johannesburg kuliko ya Léopoldville, ambako hakukuwa na njia ya kufika pasipo mateso. Kampuni ya Union Minière ilipochoshwa na vijana waliokuja peke yao, wakachimba muda mfupi kisha wakatoroka au wakafa, iliazimu katika miaka ya 1920 kuwataka wenye wake, nayo ikawajengea nyumba kambini. Na hivyo ndivyo walivyofika mababu na mabibi wa watu wengi wa mitaa yetu ya Kenya, Katuba na Kamalondo, mume na mke wamekaa juu ya masanduku yao garini, wakitazama dirishani nchi wasiyoijua jina. André Yav, aliyeandika mwaka 1965 historia ya mji huu kwa Kiswahili chetu hiki cha Katanga, kwa niaba ya wazee waliokuwa watumishi wa nyumbani, ametuachia ushahidi wa jinsi wanyonge walivyouona mji huo ukizaliwa, na watu wa Lubumbashi walioisoma kazi hiyo, naona, si wengi kama inavyostahili.

Mtu ataniambia kwamba hao walifuata kazi, hawakwenda kutazama. Ni kweli. Hebu basi turudi nyuma zaidi, katika zama za misafara, na hapa naomba wasaa, kwa kuwa wako watu wawili wanaostahili kutajwa kila linapotajwa jina la daktari Livingstone, nao hawatajwi.

Mmoja ni Halima, mpishi wa daktari huyo katika safari yake ya mwisho, na wa pili ni mumewe, Amoda. Katika daftari zake, ambazo hazikuwa na huruma kwa watu wengi, Livingstone alimsifu mwanamke huyu kuliko karibu mtu mwingine ye yote aliyekuwa naye: kwamba ni mwangalifu, kwamba hakuiba kamwe, na kwamba hakumpa mumewe nafasi ya kuiba. Mwaka 1872, walipokuwa wakingoja Unyanyembe, Halima aligombana na mwanamke mwenzake, Ntaoeka, akakimbia. Kisha akarudi mwenyewe, lakini akasimama nje, hataki kuingia mpaka bwana mkubwa atoke amwambie aingie, naye akatoka, akamwambia, akamkanya wasigombane tena. Mtu aliyepata kusafiri na wenzake muda mrefu atakijua kisimamo kile cha mlangoni. Livingstone alimpa nguo nzito kwa ajili ya baridi, na akaandika kwamba wakifika Unguja atamwacha huru na kumnunulia nyumba na bustani. Mwenye ahadi akafa kwa Chitambo tarehe 1 Mei 1873, na nyumba ile haikununuliwa na mkono wake.

Na Ntaoeka naye alikuwa na habari yake. Alikuwa mwanamke mzuri wa sura, na Livingstone, akiona kwamba si vema mwanamke wa namna hiyo awe peke yake msafarani, alimtaka achague mume miongoni mwa watu wake watatu. Yeye akacheka, akiona kwamba hakuna hata mmoja anayefaa. Baadaye, wanawake wenzake walipomshikilia, akamkubali mmoja wao, Chuma. Hao ndio watu waliokausha maiti ya Mskoti yule, wakaifunga katika magome ya mti na turubai, wakauvuka Luapula, mto huu huu ambao leo ni mpaka wetu wa mashariki, wakatembea kwa miguu hata Bagamoyo, wakafika mwezi wa Februari 1874. Chuma na mwenzake Susi walipelekwa Uingereza mwaka ule ule, wakaonyeshwa watu wakubwa na kusaidia kuzieleza daftari. Wake zao hawakupelekwa, ingawa miguu yao ilikanyaga ardhi ile ile hatua kwa hatua. Mimi ninapoambiwa kwamba mume na mke kuzunguka nchi za kusini miaka mitatu, wakigombana na kupatana, wakipika kwa kuni za mahali walipofika, ni uzushi wa vijana wa Antwerp au wa Sydney, huwakumbuka hawa.

Nakiri kwamba msafara ule haukuwa wa hiari kwa wote, na sitaki kuupamba. Nautaja kwa ithibati ya jambo moja tu: kwamba njia ndefu iliyotembewa na wawili si ngeni katika bara hili, na kwamba maarifa ya kuishi njiani yalikuwa ya kwetu kabla hayajaandikwa katika vitabu vya watalii. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, ndiye mtu ambaye wapwani wanapenda kumtaja kuwa ni kiongozi wa wasafiri. Lakini bwana yule alikuwa na tabia ya kuoa mahali alipofika na kuacha talaka alipoondoka, na kwa hayo nadhani safari zake hazikumfundisha nusu ya lile ambalo Amoda alifunzwa na Halima.

Maana safari ya wawili ina mafunzo ambayo nyumba haina. Nyumbani mume ana kazi yake na mke ana yake, na baina yao wako mama mkwe, wadogo wa mume, watoto wa shangazi, na jirani, wote wakiwa ni mito inayozuia vyombo visigongane. Njiani mito hiyo haipo. Mfuko ni mmoja, na fedha ikipotea imepotea kwa wote wawili. Mmoja akiugua malaria katika mji usiojulikana, mwingine ndiye mganga, mkalimani na mlinzi wa mzigo. Na jioni ikija pasipo mahali pa kulala, hudhihirika ni nani anayekasirika na ni nani anayekwenda kubisha hodi. Vijana wetu huingia katika ndoa baada ya kutumia akiba yote na fedha ya kukopa katika posa, na ukumbi, na msafara wa magari yapigayo honi katika barabara za mji tangu kanisani hadi kwenye picha. Na kesho yake huanza maisha katika chumba kilichojaa wageni waliobaki, wakiwa hawajapata kukaa siku mbili wakitazamana pasipo shahidi. Robo ya fedha ya honi ile ingewafikisha Mosi-oa-Tunya na kuwarudisha.

Ingewafikisha, kama si karatasi. Mwaka 2015 pasipoti mpya ya Kongo iliwekewa bei ya dola 185, bei iliyokuwa miongoni mwa zilizo juu kabisa duniani, katika nchi ambayo mshahara wa mwalimu ni mdogo. Na ingawa tangu mwaka 2020 imepunguzwa, mume na mke bado wanapaswa kuizidisha kwa mbili, na juu yake waongeze nauli na siku za kungoja, na viza kwa nchi zinazotutaka viza, Afrika Kusini ikiwa mojawapo. Sisi tumo katika jumuiya ya SADC tangu 1997. Mwaka 2005 nchi za jumuiya hiyo zilitia saini itifaki ya kurahisisha watu kuvuka mipaka, na mpaka sasa itifaki ile haijaanza kutumika, kwa kuwa zile zilizoiridhia hazijatimia hesabu inayotakiwa. Kwa upande mwingine, tangu 2014 Zambia na Zimbabwe zimekuwa na viza moja ya dola 50, iliyobuniwa hasa kwa watalii watokao mbali, ili waweze kuvuka huku na huku pale maporomokoni bila usumbufu. Jambo likitakiwa, basi, huwezekana. Shaba yetu huvuka Kasumbalesa ikaenda Durban, Dar es Salaam na Walvis Bay. Mahindi ya Zambia huvuka yakaja kuwa bukari yetu, yaani ugali, na serikali ya kule ikifunga mlango mwaka wa njaa, huku sufuria huwa tupu siku ya tatu. Bidhaa zetu zimezoeana miaka mia na zaidi, lakini watu wanaotegemeana kwa chakula hawajapata kulala nyumbani kwa wenzao, ila madereva wa malori na mama wafanyao biashara, na hao hawapewi muda wa kutazama.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo ina nguvu, nami sitaikwepa. Inasemwa kwamba wasafiri hawa wa shanta hucheza mchezo wa umaskini katika nchi za maskini, kwamba wanaweza kurudi kwao siku yo yote kwa kuwa wana pasipoti ifunguayo kila mlango, na kwamba yule kijana mwenye simu ya bei ya ng'ombe wawili humshindania mama muuza nyanya mpaka sarafu ya mwisho, kisha jioni huandika habari za ukarimu wa Waafrika. Haya hutokea, na anayeyafanya astahili kuambiwa usoni na mama huyo, kwa lugha yo yote aliyonayo. Walakini dawa ya mchezo ulio na upande mmoja ni kuongeza upande wa pili. Siku ambayo bwana na bibi kutoka Katuba watakaa mwezi mmoja Windhoek, wakashangaa jinsi mji ulivyo kimya, wakaandika gazetini kwamba watu wa kule wanakula nyama nyingi na kucheka kidogo, siku hiyo na sisi tutakuwa tumewatazama wengine, na mizani itaanza kusogea.

Serikali ya jimbo letu la Haut-Katanga haina uwezo juu ya pasipoti, lakini inayo sauti, na inaweza kupatana na jimbo la Copperbelt la Zambia juu ya hati ya majuma machache, ya bei ndogo, kwa mkazi asiyebeba bidhaa. Inaweza pia kuwakataza wale wenye kudai kibali cha kamera. Na ikiwa inataka wageni, inayo mengi ya kuwaonyesha: maporomoko ya Lofoi katika mbuga ya Kundelungu, ambako maji huanguka zaidi ya mita 300, mbuga ya Upemba, iliyowekwa tangu 1939, na, katika jimbo jirani la Lualaba, Bunkeya, makao ya mfalme Msiri, aliyeuawa Desemba 1891 kwa kukataa bendera ya Leopold, na jumba la makumbusho hapa hapa mjini, ambalo watoto wetu wengi hupita mbele yake wakienda shule wasiingie.

Kwa mume na mke wa hapa wanaotaka kuanza, ningewashauri wasiende mbali kwanza. Waondoke mwezi wa Mei, mvua zikiwa zimekwisha na barabara zimekauka, wapite Mokambo hata Chembe, wakauvuke Luapula katika daraja lililofunguliwa mwaka 2008, walale Mansa, kisha Samfya, ambako ziwa Bangweulu lina ufuo wa mchanga mweupe usiotajwa katika vitabu vingi, na wakiwa na nguvu wafike kwa Chitambo. Wachukue blanketi, maana usiku wa Juni katika nyanda zile una baridi kali, na kwacha za noti ndogo ndogo, maana wenye maduka ya kando ya njia hawana chenji. Shanta si lazima zitoke Ulaya: mafundi cherehani wetu wanaweza kuzishona kwa turubai la lori, na turubai la lori halipitishi maji.